Mashine ya boti inazima kila nikibadili filta, upepo unaingilia wapi wakuu?

#1 Mwana_Shangani
Wakuu habari za jioni. Nina boti ya futi 28 hapa Mtwara mjini, mashine yake ni Yanmar 2GM20, silinda mbili, ya ndani, niliinunua ikiwa imetumika. Mwezi huu nimebadili filta mara mbili, ile ya chini yenye kikombe na ile ndogo ya kwenye mashine, na mara zote mbili baada ya kubadili imeniletea balaa lile lile. Natoa upepo kwenye njia ya mafuta vizuri tu kama nilivyofundishwa, inawaka, inaunguruma safi dakika tano sita, halafu inaanza kupanda na kushuka yenyewe bila mtu kugusa hendeli, inazima. Juzi imenizimia mlangoni mwa bandari mkabala na Msangamkuu maji yanakupwa, mkondo unatutoa nje, tukashusha nanga haraka na watu watano ndani. Nilitoa upepo pale pale huku boti inayumba, mikono inatetemeka na dizeli imejaa hadi machoni. Sitaki yanikute tena. Upepo unatoka wapi wakati nimeshautoa?

#2 Fundi_Nozeli
Pole sana mkuu, la kwanza ni kwamba watu mmerudi salama.

Sasa tuelewane kwanza upepo unafanya nini humo. Nozeli, ile inayopuliza dizeli ndani ya silinda, haifunguki mpaka isukumwe kwa presha kubwa, zaidi ya kilo 100 kwa sentimita moja ya mraba, wakati tairi la gari ndogo ni kama kilo 2 tu. Dizeli haibonyei, pampu ikisukuma upande huu, nozeli inafunguka upande ule papo hapo. Upepo unabonyea. Kiputo kidogo kikikaa kwenye bomba la kwenda nozeli, pampu inakibana na kukiachia kama sponji, dizeli haitoki hata tone. Ndiyo maana kiputo cha ukubwa wa punje ya mtama kinazima mashine nzima.

Utoaji wake unafuata njia ya mafuta, huanzi popote unapotaka. Fungua koki ya tanki, legeza skrubu juu ya filta kubwa, mafuta yakija bila povu kaza. Njoo filta ndogo ya kwenye mashine, legeza skrubu yake nusu mzunguko, pampu kwa kidole ile pampu ndogo ya kuvutia, povu likiisha kaza huku bado unapampu. Kisha skrubu ya kwenye pampu kubwa, ile inayosukuma mafuta kwenda nozeli, kama ipo. Mwisho nati za mabomba pale kwenye nozeli, spana namba 17, legeza mzunguko mmoja, nyanyua vile vijiti vya kuachia kompresheni, hendeli ya mwendo weka juu kabisa, piga stati mpaka dizeli iruke kwa kila bomba, kaza. Usiweke kidole mbele ya bomba wala nozeli hata siku moja, dizeli ya presha ile inapenya ngozi na kuingia ndani ya nyama, mtu anapoteza mkono.

Wewe uliishia wapi katika hizo?

#3 Pweza_Mkavu
Fundi kamaliza kila kitu. Mimi naongezea tu kwamba ukiijaza filta mpya dizeli kabla ya kuifunga unapunguza kazi zaidi ya nusu. Mimi najaza zote mbili, chini na juu, na huwa nawaka kwa stati ya pili.

#4 Fundi_Nozeli
@Pweza_Mkavu hiyo ya chini sawa, jaza. Ya juu ya kwenye mashine usijaze kwa tundu la katikati ndugu yangu, lile tundu ni upande ambao mafuta yameshachujwa, ukimimina pale dizeli ya kwenye chupa yenye mchanga inakwenda moja kwa moja kwenye pampu na nozeli. Ukitaka kujaza mimina kwenye vitundu vya pembeni taratibu, au acha pampu ya kidole ifanye kazi yake.

#5 Pweza_Mkavu
Miaka yote nilikuwa namimina katikati 🙈 asante fundi, na nozeli nimebadili mara mbili mwaka jana nikasema bahati mbaya.

#6 Mama_Boti_Kivinje
Wanangu habari zenu. Nina boti mbili Kilwa Kivinje za kubeba mizigo, sishiki spana lakini nasimama pembeni mpaka kazi iishe maana fedha ni yangu. Iliwahi kututokea hivyo hivyo anavyosema Mwana_Shangani, inawaka dakika chache inazima, vijana wakatoa upepo siku nzima. Ilikuwa oringi, ile pete ya mpira ya kuziba upenyo. Filta ya zamani ilipotoka oringi yake ilibaki imeganda juu kwenye kichwa cha filta, nyeusi kwenye rangi nyeusi mtu haoni, wakafunga mpya na oringi yake juu ya ile ya zamani. Zinakaa mbili, hazikai sawa, upepo unaingia.

Na dizeli haikuvuja hata tone nje. Hilo ndilo lililotuchanganya, kila mtu anasema mama hapa hapavuji.

#7 Baharia_wa_Naumbu
Bi mkubwa umesema kitu kikubwa sana hapo. Mkuu #1 tanki lako liko juu ya mashine au chini? Kama liko chini, kuanzia tanki mpaka pampu ndogo mafuta yananyonywa, hayasukumwi. Sehemu yenye kunyonya ikiwa na upenyo haitoi dizeli, inaingiza upepo, ni kama mrija wa soda wenye tundu. Utapangusa na kitambaa cheupe utakuta pakavu na bado ndipo penye tatizo.

#8 Mwana_Shangani
Asanteni wote. Tanki liko chini ya sakafu huku tezi, liko chini kuliko mashine. Oringi sijaangalia kama ni mbili, kesho nafungua. Fundi nilipita hatua zote isipokuwa ile pampu ya kidole ilikuwa haina nguvu, kijiti kinacheza tu kama kimekatika, kwa hiyo nilikuwa natoa kwa kupiga stati mpaka betri ikalegea. Nafikiri pampu imekufa, kuna mtu ana mpya?

#9 Mjomba_Kitunda
USINUNUE PAMPU KWANZA. Hiyo pampu inasukumwa na kemu ya mashine, ile nundu inayozunguka ndani, mashine ikisimama mahali ambapo kemu imeshaibana, kijiti kinakosa safari, unadhani imekufa. Zungusha mashine kwa mkono kutoka puli ya mbele mzunguko mmoja kamili, kemu itakuwa imekwenda nusu, jaribu tena kijiti, utasikia kizito na mafuta yanakuja. Nimeona watu wanatupa pampu nzima nzuri kwa ajili ya hili.

Na jambo la pili mwanangu, nisikilize vizuri. Ulipokuwa unapiga stati muda mrefu hivyo, koki ya maji ya bahari ilikuwa wazi au umefunga?

#10 Mwana_Shangani
Wazi mjomba.

#11 Mjomba_Kitunda
Basi shukuru. Mashine ya baharini inayotupa maji kwenye ekzosi, kila ukipiga stati pampu ya maji inasukuma maji kwenye ekzosi, lakini mashine haijawaka kwa hiyo hakuna moshi wa kuyasukuma nje. Yanajaa lile boksi la ekzosi, likijaa yanarudi nyuma yanaingia silinda. Mimi yalinikuta Lindi, nilikuwa napakia abiria wa kuvuka kuja Kitunda, nimepiga stati kama mara ishirini, ya mwisho mashine ikagonga DUU ikakwama. Maji ya chumvi juu ya pistoni. Tulitoa nozeli tukazungusha kwa mkono maji yakaruka kama chemchemi, tukamimina oili, tukawaka siku ile ile, lakini baada ya miezi michache ringi zilikuwa zimeshaliwa na kutu na ule mwaka mzima nilifanya kazi ya kulipia mashine.

Funga koki ya maji wakati unatoa upepo. Ikiwaka tu fungua hapo hapo usichelewe, impela ya mpira ya pampu ya maji ikizunguka kavu inaungua. Mimi naning'iniza ufunguo wa mashine kwenye koki yenyewe ili nisisahau.

#12 Msimbati_Kijana
Hiyo ya ufunguo kwenye koki naiiba mjomba.

Kwa mleta uzi, mimi dawa yangu ni rahisi, chukua ile tepu nyeupe ya mafundi bomba, zungushia kila nati ya njia ya mafuta, kaza, upepo hauingii tena. Nimefanya kwenye mashine ya mzee wangu inadunda mwaka wa pili.

#13 Fundi_Nozeli
@Msimbati_Kijana hapo nakukatalia. Tepu ile inakatika nyuzi nyuzi, uzi mmoja ukivuka filta ukaingia pampu kubwa au nozeli umekwisha. Tena zile boliti zenye tundu za kuungia mabomba ya mafuta hazizuii upepo kwa nyuzi zake, zinazuia kwa zile washa mbili za shaba juu na chini. Washa ya shaba ukishaikaza mara moja inakuwa ngumu, haikai tena. Weka mpya, au ile ya zamani ichome kwenye moto mpaka iwe nyekundu, iache ipoe au itumbukize kwenye maji, inalainika tena kama mpya. Shilingi mia chache tu hizo.

#14 Msimbati_Kijana
Sawa fundi ila ya mzee bado inadunda 😄

#15 Fundi_Nozeli
Na idunde, mpe shikamoo yangu. Lakini ukiitoa ile tepu nipigie picha utakachokikuta.

#16 Songosongo_Kwetu
Jamani mnazungumza upepo tu, mimi nasema ni uchafu wa tanki. Angalieni anavyosema: inawaka vizuri, inapanda inashuka, inazima. Na ilizima wapi? Mlangoni, ambako boti inaanza kucheza. Huu ni wakati wa kusi, boti ikirushwa takataka zote zilizolala chini ya tanki zinainuka zinakwenda kuziba mdomo wa bomba la kunyonyea. Ukisimama dakika kumi zinatulia chini, mashine inawaka, unasema nilitoa upepo vizuri kumbe umesubiri tu.

Sisi hapa Songo Songo dizeli inakuja kwa madumu. Kila dumu lina maji kidogo, maji ni mazito kuliko dizeli yanakaa chini, na pale maji yanapokutana na dizeli ndipo panaota ule uteute mweusi kama mlenda. Ni vijidudu kabisa vinaishi pale mpakani, vinakula dizeli vinakunywa maji. Niliwahi kuutoa kwa mkono kwenye tanki la boti ya kaka yangu, ukiuvuta unakuja mrefu kama utumbo wa samaki, una harufu ya kitu kilichooza.

#17 Baharia_wa_Naumbu
@Songosongo_Kwetu sikatai uchafu, lakini mbona linamtokea BAADA ya kubadili filta tu? Angekuwa na uchafu ingemzimia hata kabla. Amegusa filta, tatizo liko alipogusa.

#18 Songosongo_Kwetu
Na kwa nini alibadili filta mara mbili ndani ya mwezi mmoja? Mtu habadili filta mara mbili kwa starehe. Muulize.

#19 Mwana_Shangani
Ni kweli nilibadili ya pili kwa sababu mashine ilikuwa inakosa nguvu. Filta ilitoka nyeusi.

#20 Songosongo_Kwetu
Haya.

#21 Mtaalamu_Mdogo
Samahani naingia katikati. Hiyo filta ya chini uliyoweka ni ya maikroni ngapi? Imeandikwa pembeni. Unywele wa mtu ni kama maikroni 70. Ya chini inatakiwa iwe na matundu makubwa kidogo, 30 au 10, ya juu ndiyo iwe ndogo. Watu wanaona 2 wanasema hii inachuja zaidi wanaifunga chini, matokeo yake pampu ndogo inavuta kwa shida sana, na ikivuta kwa shida, hata kiungo ambacho kilikuwa kizima kinaanza kuingiza upepo. Yaani inawezekana Baharia na Songosongo wote mko sahihi.

#22 Mwana_Shangani
Imeandikwa 2. Muuzaji aliniambia ndiyo kali.

#23 Tanki_Juu
Ndiyo maana sisi wa mashine za Kichina za silinda moja tunalala usingizi 😂 tanki limekaa juu ya mashine, mafuta yanashuka yenyewe, filta moja, unalegeza nati ya nozeli unazungusha hendeli ya mkono mara tatu, tuk tuk tuk umeondoka. Nyie wa Yanmar mnahitaji kikao cha ukoo kuwasha boti.

#24 Mjomba_Kitunda
Mwanangu hiyo yako ikianza Lindi mjini mimi huku Kitunda naamka kwa kelele. Lakini kweli, dizeli kushuka yenyewe ni neema.

#25 Tanki_Juu
Shikamoo mjomba. Nikivuka nakuletea ming'oko, usinikasirikie.

#26 Mwalimu_Mikindani
Kwa kuwa mmeshatulia kidogo niwape jambo. Dizeli ni jina la mtu, Rudolf Diesel, Mjerumani aliyezaliwa Paris 1858, mashine yake ilikubali vizuri mwaka 1897. Na mashine zile za kwanza mafuta yalikuwa yanapulizwa ndani ya silinda KWA UPEPO, kulikuwa na kompresa kubwa pembeni kwa kazi hiyo tu, ndiyo maana hazikuweza kuingia kwenye chombo kidogo. Pampu ya kusukuma dizeli tupu bila upepo ilikuja kutengenezwa kwa wingi na kampuni ya Bosch mwaka 1927, na hapo ndipo upepo ukageuka kuwa adui. Mwenyewe Diesel alipotelea baharini usiku wa Septemba 29, 1913, alikuwa abiria kwenye meli Dresden ikitoka Antwerp kwenda Uingereza, asubuhi kitanda hakijalaliwa.

#27 Mama_Boti_Kivinje
Eeh, na yeye bahari ilimchukua. Asante mwalimu, hilo sikuwa nalijua.

#28 Mwana_Shangani
Wakuu narudi na ripoti. Asubuhi nimefungua filta ndogo. MAMA ULISEMA KWELI. Oringi mbili, ya zamani imebandika juu kabisa, nimeichokonoa na ncha ya bisibisi ikatoka ngumu kama plastiki. Pampu ya kidole nayo mjomba ulisema kweli, nimezungusha puli mara moja kijiti kikawa kizito, mafuta yakaja. Nimefunga koki ya maji, nikatoa upepo kwa utaratibu wa fundi, ikawaka stati ya kwanza. Nilitaka kumkumbatia mtu.

Nimeifunga pale pale gatini ikaunguruma dakika 40. Ya 41 ikaanza kupanda na kushuka. Ikazima.

#29 Msimbati_Kijana
Aisee pole.

#30 Dau_la_Sudi
Kabla hujafungua chochote tena, ikizima fungua kifuniko cha tanki usikie. Kama inavuta hewa fyuuu, basi kibomba cha kupumulia tanki kimeziba, nyigu wanapenda kujenga udongo mle na chumvi inaganda. Mafuta yanatoka tangini, upepo wa kujaza nafasi yake hauingii, pampu inashindwa kuvuta. Dakika 40 ni dalili yake kabisa.

#31 Mwana_Shangani
Nimefungua, haikusema kitu. Kibomba nimekipuliza kwa mdomo kinapitisha.

#32 Fundi_Nozeli
Sasa tuache kubahatisha. Chukua dumu la lita 5, jaza dizeli safi uliyoichuja kwa kitambaa, lining'inize juu kuliko mashine, peleka mpira wake moja kwa moja kwenye pampu ndogo, tanki na filta ya chini viache pembeni kabisa. Usisahau ule mpira wa kurudisha mafuta nao uuelekeze kwenye dumu. Washa saa nzima. Ikizima, tatizo liko kuanzia pampu ndogo kwenda mbele. Isipozima, liko nyuma, tanki au filta ya chini. Ila ujue dumu likiwa juu mafuta yanashuka yenyewe, kwa hiyo kaangalie kwa macho kiungo cha pampu, kama kina upenyo sasa kitavuja nje badala ya kunyonya.

Na ukirudishia, kati ya filta ya chini na pampu weka kipande cha mpira mweupe unaoonyesha ndani, kwa muda tu wa kupima, usiuache humo maana hauwezi joto na moto wa chumba cha mashine. Utaona viputo vikipita.

#33 Mjomba_Kitunda
Fundi huyu ningekuwa na binti ningemwoza.

#34 Mwana_Shangani
Nimefanya. Dumu: saa moja na robo, haijakohoa hata mara moja, na pampu kavu. Nikarudishia tanki na filta ya chini na mpira mweupe. Dakika kumi za mwanzo mafuta safi kabisa rangi ya chai ya rangi. Halafu kikapita kiputo kimoja, kidogo, kimekaa juu ya mpira kinatetemeka kikaondoka. Baada ya nusu dakika kingine. Halafu viwili pamoja. Niliviangalia kama mtu anayeangalia mwizi dirishani.

#35 Baharia_wa_Naumbu
Kichwa cha filta ya chini hicho. Nimesema tangu #7.

#36 Songosongo_Kwetu
Bomba la kunyonyea limeziba nusu, pampu inavuta kwa nguvu, viputo vinatokana na hilo. Chomoa bomba uone.

#37 Mtaalamu_Mdogo
Au ile filta ya 2. Toa hiyo kwanza jamani, ni rahisi kuliko yote.

#38 Mwana_Shangani
Nimechomoa bomba la tanki. Mwishoni lina kichujio cha waya, na kimefunikwa uteute mweusi zaidi ya nusu, harufu ni kama alivyosema Songosongo. Na kichwa cha filta ya chini nimekifuta nikakipitishia kucha, pale oringi inapokaa kuna mkwaruzo unaoshika kucha, nadhani mtu alichokonoa na bisibisi kabla yangu.

Nimesafisha tanki lote, nimekata kile kichujio cha waya, nimesaga kichwa kwa msasa laini, oringi mpya, washa za shaba mpya, filta ya 10. Imeunguruma saa mbili gatini, kwenye mpira hakuna kiputo.

#39 Fundi_Nozeli
Hongera, lakini umenikosesha usingizi. Ungebadili kimoja kimoja ungejua ni kipi. Sasa Baharia atasema ni mkwaruzo, Songosongo atasema ni mlenda, na mimi siwezi kumkatalia yeyote.

#40 Songosongo_Kwetu
Ni mlenda.

#41 Baharia_wa_Naumbu
Uteute hauingizi upepo ndugu yangu. Mkwaruzo unaingiza.

#42 Mwana_Shangani
Mtanisamehe, nina watu wa kuwalisha, nisingeweza kukaa wiki nzima nikipima. Kesho bamvua, natoka saa kumi alfajiri, nje kuna kusi kidogo.

#43 Mama_Boti_Kivinje
Saa mbili za gatini si bahari mwanangu. Beba lile dumu likiwa limejaa, na mpira wake, na spana 17, na nanga iwe juu imeshafungwa kamba tayari. Ukipita Msangamkuu kurudi tuandikie hapa.

#44 Mwana_Shangani
Nitaandika mama.